Hodi ya Mama Pua

Katika bweni la wasichana la chuo cha ualimu, kubisha hodi na mlango kufunguka kulikuwa tendo moja. Matroni alibisha kwa mkono wa kulia huku bega la kushoto likisukuma, na kabla binti hajameza alichokuwa anatafuna, mama alikuwa ameshasimama katikati ya chumba, pua juu. Ndiyo maana wakamwita Mama Pua. Hawakulitamka jina hilo mbele yake, lakini alilijua, maana hapakuwa na jambo la bweni lile asilolijua, na kusema kweli lilimpendeza.

Pua ile ilikuwa na kazi. Iligundua hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo ya nguo chafu. Iligundua manukato ya kiume kwenye masweta yaliyosemekana ni ya makaka, na makaka wa bweni lile walikuwa wengi kupita uzazi wa mama yeyote. Wasichana wakizima taa ghafla, wakajifunika gubigubi na kuanza kukoroma, Mama Pua alipanda juu ya kiti akaigusa balbu. Akiikuta ya moto, alishuka, akakalia kiti kilekile, akangoja mpaka mkoromaji achoke mwenyewe.

"Mtu anayekoroma kwa mpangilio simwamini," alikuwa akisema.

Hakumwamini pia anayesifu chakula cha chuo, wala anayemwamkia mara mbili kwa asubuhi moja, wala anayelia kabla hajaulizwa. Na kwa kuwa alikuwa vilevile mlezi wa ushirika wa wanafunzi wa Kikristo, hata shuhuda alizipima. Binti akisimama mbele ya wenzake akasema shetani amemkimbia, Mama Pua alitazama kwanza kama viatu alivyovaa ni vyake au vya jirani. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema, na katika miaka yake pale alikuwa ameyasikia madebe mengi yakivuma mpaka siku ya mahafali, kisha kimya.

Lakini mwanamke huyohuyo aliyekuwa na shaka na kila kitu alikuwa na desturi moja iliyofanya wasichana wamsamehe yote. Asubuhi ya baada ya mahafali, kabla wahitimu hawajaondoka, alipita chumba kwa chumba kufanya ukaguzi wa mwisho: godoro, balbu, dirisha, kitasa, ufunguo. Kwa wale wa ushirika aliongeza jambo lake mwenyewe, ambalo halikuwemo katika kanuni za chuo. Akishapokea ufunguo alifunga mlango, akaweka mkono juu ya chaga za kitanda kilichobaki kitupu, akamwombea binti aliyekilalia. Hakuomba maneno ya jumla. Alimtaja kwa mambo yake: huyu mwenye hasira za haraka, huyu asiyekula akiwa na huzuni, huyu anayecheka sana kwa sababu anaogopa. Walitoka mle wanalia, na wengine walikuja baadaye kumwonyesha watoto wao na kumwambia kwamba sala ile ndiyo cheti walichobaki nacho pale kile cha karatasi kiliposhindwa kuwasaidia.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo bweni zima halikutakiwa kulijua. Mama Pua alikuwa hasali tena.

Mdogo wake, kitinda mimba, aliyembeba mgongoni tangu mama yao yu hai na kumlea baada ya hapo, alikuwa ameugua. Mama Pua alimwomba Mungu kwa namna zote alizozijua. Aliomba kwa kupiga magoti, aliomba akifagia korido, ushirika mzima ulifunga na kuomba pamoja naye. Mdogo mtu akafa vilevile, mchana kweupe, wauguzi wakibadilishana zamu. Mama Pua aliona kwamba Mungu ameingia nyumbani kwake bila hodi na kutoka na kitu chake, na jambo hilo lilimuuma mpaka kwenye mifupa. Tangu siku ya mazishi hakumsemesha tena. Ibadani alikuwa anakwenda, kiti cha mbele kama kawaida, kwa sababu mlezi asipokuja wataulizana. Alichezesha midomo kwenye nyimbo. Wakati wa sala alitazama dari.

Na ibada ya kuwaaga wahitimu ilikuwa inakaribia. Kila mwaka, siku ya kuamkia mahafali, yeye ndiye aliyetoa neno la kuwatia moyo wanaokwenda ulimwenguni, wasiiache imani yao kwenye mizigo. Mwaka huu hakuwa na neno. Angesimama pale aseme nini? Ashike chaga za vitanda amwambie nani? Alijifariji kwa jambo moja tu, kwamba hakuna aliyejua. Nani angejua? Mwenye pua bwenini alikuwa yeye.

Hapo ndipo alipoanza kunusa kitu.

Kwanza kilikuwa chumba cha pasi. Chumba kile kiko mwisho wa korido ya chini, kina meza ndefu iliyoungua ungua na harufu ya nguo mbichi, na katika maisha yake yote hakijawahi kupendwa na mtu. Ghafla kamati ya ushirika ikawa inakipenda. Alasiri wenzao wakiwa maktaba, wao walikuwa mle, mlango umefungwa. Mama Pua alipoingia kwa hodi yake ya bega, walinyamaza wote kwa pamoja, na kiongozi wa kwaya, binti mnene mwenye sauti ya kutikisa madirisha, akaanza kupiga pasi taulo.

"Taulo linapigwa pasi siku hizi?" aliuliza Mama Pua.

"Ni la mahafali, mama."

Akatoka. Dalili ya mvua ni mawingu, alijisemea, na mimi mawingu yangu nimeyaona.

Kisha kulikuwa na Katibu. Huyu alikuwa katibu wa ushirika, msichana mrefu, mkavu wa maneno, ambaye Mama Pua alimpenda kuliko wote ingawa asingekiri hata kwa kiboko. Kwa miaka yake yote ya chuo, Katibu alikuwa akija chumbani kwa matroni jioni, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, wanakunywa chai na kuwasema watu. Matroni alimfundisha siri za kazi: usitazame uso, tazama mikono, mtu akikueleza sana jambo dogo, kuna kubwa nyuma yake, balbu iguse, usiitazame. Katibu alikuwa ameshapangiwa shule ya mbali sana, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala rafiki, na wiki za mwisho zilipaswa kuwa za kukaa pamoja zaidi. Badala yake aliacha kuja. Wakikutana koridoni alisalimia haraka, "Shikamoo mama," na akiitikiwa marahaba alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Na alipoacha kukwepa, alikuwa anachunguza. Siku moja alimkuta matroni anaanua mashuka, akasimama kumsaidia kukunja.

"Mama, leo asubuhi umesoma neno gani?"

"Neno ni neno," alijibu Mama Pua. "Vuta huo upande wako."

Katibu akavuta. Lakini macho yake yalikaa kwenye mikono ya matroni, na Mama Pua aliyaona, akakunja shuka vibaya ikabidi walirudie.

La tatu lililetwa na mlinzi wa lango. Kulikuwa na mwanamume, alisema, nadhifu, amevaa viatu vyeupe, ana mkoba. Alimuulizia Katibu kwa cheo chake. Waliongea kwenye uzio muda mrefu, wakaagana kwa kushikana mikono miwili miwili, na juzi amekuja tena.

"Kasema yeye ni nani?"

"Mtumishi wa Mungu."

"Mungu yupi, amekwambia?"

"Hilo sikumuuliza, mama."

"Wewe ungewekwa mlinzi wa bustani ya Edeni," alisema Mama Pua, "nyoka angeingia na kitambulisho cha mgeni."

Sasa mambo yakawa wazi. Alikuwa amesikia habari za watu wa namna hiyo, wanaozunguka vyuoni wakati wa mahafali kama kunguru wakati wa mavuno, wakiwaahidi wahitimu upako wa ajira na upako wa mume. Wanawachukua watoto wa watu wakiwa bado na joho mwilini. Viatu vyeupe, mkoba, kushikana mikono miwili, mlango wa chumba cha pasi: hesabu ilikuwa imekamilika. Huyo nabii alikuwa ameinasa kamati nzima, na mlango aliopitia ni Katibu wake, yule aliyedhani hawezi kudanganywa na mtu. Mama Pua aliumia. Chini ya maumivu hayo kulikuwa na sauti ndogo iliyomuuliza yeye atawarudisha kwa imani gani, lakini aliiambia ikae kimya, hii ni kazi ya pua, si ya imani.

Aliwangoja siku tatu. Alasiri ya mwisho kabla ya ibada, alipoona kandambili zimepangwa nje ya chumba cha pasi, akajua wako ndani. Alikwenda bila kuburuta miguu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshainuka, bega la kushoto limeshajikaza, aliposikia jina lake.

"Tusimzunguke mama," ilikuwa inasema sauti ya kiongozi wa kwaya. "Neno la kuwaaga wahitimu ni lake miaka yote. Tukimpa mgeni tutamwambiaje?"

"Tutamwambia apumzike." Huyo alikuwa Katibu.

"Apumzike na nini? Kwani ana nini?"

Kisha Katibu akasema, polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo asioutaka: "Mama hasali tena."

Mkono wa Mama Pua ulibaki hewani.

"Usiseme hivyo," alisema mwingine. "Mama yetu yule?"

"Miwani yake ya kusomea ilipasuka kioo wiki ile ya msiba. Mpaka leo iko juu ya cherehani, imeota vumbi. Mama bila miwani ile haoni hata maandishi ya bango. Kila nikimuuliza amesoma nini, ananiambia neno ni neno."

"Labda anayo kichwani."

"Kwenye nyimbo midomo inacheza, sauti haitoki. Nilikaa nyuma yake makusudi. Na tukisali, macho yake yako wazi yote mawili, anatazama dari."

"Wewe ulijuaje, kama ulikuwa umefumba?"

"Nilifungua moja. Si yeye aliyetufundisha? Balbu iguse."

Kiongozi wa kwaya akasema kwamba hata hivyo ni mama yao, na kumnyima neno ni kumvua nguo mbele ya watu. Katibu akajibu kwamba amekwisha kuongea na yule mhubiri mara mbili pale getini na amekubali kuja. Mama atapewa nafasi ya salamu, hakuna atakayegundua.

"Hivi wewe una nini naye?" aliuliza kiongozi wa kwaya. "Si ndiye kipenzi chako?"

"Ndiyo sababu," alisema Katibu. "Nyinyi mnakwenda kwenu, kuna makanisa, kuna dada zenu. Mimi nakwenda mahali hakuna anayenijua. Nilikuwa najiambia, kama Mama Pua anaweza, na mimi nitaweza. Sasa kama ya kwake imezimika, yangu itakaa muda gani? Nikimsikia anatuambia tusimame imara, na mimi najua, sitaamini tena neno lolote la mtu yeyote."

Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe bweni lile, Mama Pua hakufungua mlango. Alivua kandambili zake, akazishika mkononi, akarudi koridoni kwa kunyata kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Chumbani kwake hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alifikiria kuwanyima ufunguo wa ukumbi. Alifikiria kutangaza msako wa hita. Vitoto alivyovivua masweta ya makaka leo vinamkagua yeye sala zake! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akakaa kwenye kitanda, akainuka, akaichukua ile miwani juu ya cherehani na kuifuta kwa upindo wa nguo. Alipoivaa, ufa ulikigawa chumba vipande viwili, na kigoda cha Katibu kikawa katika kipande kimoja na yeye katika kingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amemlea vizuri kupita kiasi.

Jioni, hodi ikapigwa mlangoni, nyepesi, na mpigaji akangoja nje.

"Ingia, kama bado unakujua kwangu."

Katibu aliingia, akabaki amesimama. "Shikamoo mama. Kamati imenituma. Kamati imeona kwamba, kwa kuwa ulipata msiba na kazi zimekuwa nyingi, na ukizingatia pia mambo ya mahafali—"

"Mtu akieleza sana jambo dogo, kuna nini nyuma yake?"

Katibu akatazama kigoda chake.

"Nilikuwa mlangoni," alisema Mama Pua. "Nimesikia yote, mpaka ya miwani."

Walitazamana. Binti hakuomba radhi, na matroni, hata katika hasira yake, aliona kwamba mikono ya mtoto imefinya upindo wa gauni.

"Ni kweli au si kweli, mama?"

"Nani amekupa kazi ya kukagua sala za watu?"

"Wewe."

Mama Pua angeweza kumwambia hapohapo. Neno lilikuwa limefika kooni. Lakini mtu aliyezoea kukamata hajui kukamatwa, na kilichotoka kilikuwa kingine: "Mimi nilikuwa nasali kabla mama yako hajakuota. Toka, nenda kapige pasi joho lako."

Katibu alikwenda mpaka mlangoni, akashika kitasa bila kugeuka. "Nilikuja uniambie kwamba nimekosea," alisema, kisha akafunga mlango taratibu, ukasikika kuliko kama angeubamiza.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mtu wa viatu vyeupe alihubiri vizuri, jasho likimtoka kwa uaminifu, na kwa kweli hakuwa nabii wa uongo wala mwizi wa watoto, alikuwa mhubiri wa kawaida anayependa viatu vyake. Aliwaambia wahitimu kwamba huko waendako watakuwa juu. Aliwaambia milango itafunguka yenyewe mbele yao. Wakapiga makofi. Mama Pua, katika kiti cha mbele, alifikiri kwamba mlango unaofunguka wenyewe una kitasa kibovu au una mtu nyuma yake.

Kisha mwenyekiti wa ushirika akasema, bila kumtazama usoni, kwamba mlezi wao atatoa salamu.

Alisimama. Alikuwa ameandaa salamu ya kutosha kumfikisha kwenye kiti chake tena: hongereni, msitusahau, rudisheni mashuka. Akawaona wamekaa katika safu zao na nguo zao mpya, na katika safu ya pili Katibu ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Nimepewa salamu, sikupewa neno, kwa hiyo nitasalimia. Kamati yangu imenikagua na kunikuta na kasoro. Ukaguzi umefanywa vizuri. Mimi mwenyewe nisingeufanya vizuri zaidi."

Baadhi walicheka, wakidhani ni utani wa kuaga. Safu ya pili haikucheka.

"Tangu nimzike mdogo wangu sijasali. Midomo mnaiona inacheza, nyuma yake hakuna kitu. Nilijua nimeficha, kumbe nimeficha kama nyinyi mnavyoficha hita. Mmoja wenu akaja kuniuliza kama ni kweli, maana anakwenda mbali na anaogopa yake nayo itazimika. Sikumjibu. Nilimfukuza akapige pasi."

Mhubiri alikunja mguu mmoja chini ya kiti.

"Leo namjibu. Itakaa muda gani? Sijui. Mgeni wetu anawapenda na Mungu ambariki, lakini mimi nimefungua milango maisha yangu yote na sijaona unaofunguka wenyewe. Huko mnakokwenda, iko siku utamwomba Mungu kitu unachokitaka kuliko pumzi yako, na asikupe. Utamnunia. Mimi nimemnunia. Nimemnunia asubuhi, nimemnunia nikifagia, kila Jumapili nimekuja nimekaa hapa mbele yake nikiwa nimemgeuzia uso ili aone kwamba nimenuna. Jana, nilipokuwa nimewakasirikia nyinyi, ndipo nikajiuliza. Nimewanunia watu wengi duniani. Nilimnunia mume, niliwanunia wakuu wa chuo. Je, nimewahi kumnunia mtu ambaye hayupo?" Akasimama kidogo, kama anayelitafuta jibu kwa mara ya kwanza. "Sijawahi. Basi hiyo ndiyo imani niliyobaki nayo. Ni ndogo na imekunja uso. Mwenye kubwa aende na kubwa yake. Atakayeishiwa huko njiani, ajue hata hii ipo. Hizo ndizo salamu zangu, na mashuka myarudishe."

Aliketi. Hakuna aliyesema amina. Watu walitazamana kwa pembe za macho, kila mmoja akijiuliza jirani yake ameyapokeaje. Kiongozi wa kwaya akaanzisha wimbo juu mno, na kwaya nzima ikalazimika kuukimbilia. Mama Pua alichezesha midomo mpaka mwisho, ingawa sasa kila mtu alijua. Katibu alitoka kwa mlango wa pembeni.

Siku ya mahafali ilikuwa na majoho, wazazi, maua ya karatasi na wapiga picha waliowapanga watu kama matofali. Katibu alipiga picha na kiongozi wa kwaya, na mpishi, na hata mlinzi wa lango. Lakini hakupiga na matroni. Mama Pua alisimama kwenye kivuli cha bweni akiwaangalia, akawa na hakika kwamba ameharibu. Alikuwa amewapa watoto jiwe siku waliyotaka mkate wa safari, na yule aliyemlenga hasa ndiye aliyeumia zaidi.

Asubuhi yake akaanza ukaguzi wa mwisho. Godoro, balbu, dirisha, kitasa, ufunguo. Katika vyumba vya ushirika alipokea ufunguo, akasimama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu, safari njema," akatoka. Hawakumdai sala. Baadhi walimkumbatia kwa nguvu kuliko desturi, na hata hilo alilitilia shaka, akadhani wanamhurumia.

Chumba cha Katibu kilikuwa cha mwisho. Alipofika, mkono wa kulia ukainuka wenyewe, ukabisha. Bega la kushoto likajikaza. Mama Pua akalizuia. Akasimama pale koridoni, mikono chini, kama mgeni.

Kimya.

Hataki kuniona, alifikiri. Yumo ndani na amenuna, na ana haki yake. Akabisha tena.

"Nani?" Sauti ya Katibu ilikuwa ya wasiwasi.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Matroni."

"Matroni wetu habishi mara mbili," ilisema sauti. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mtoto wewe. Nasubiri."

Ukapita muda. Katika bweni lile hakuna msichana aliyewahi kutamka karibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupewa nafasi, na ilionekana kama binti anajaribu kulikumbuka neno lenyewe.

"Karibu, mama."

Akaingia. Katibu alikuwa amesimama katikati ya chumba, sanduku limefungwa, koti mkononi. Mama Pua akafanya kazi yake. Godoro zima. Alipanda juu ya kiti akagusa balbu, ilikuwa baridi. Dirisha linafunga, kitasa kinashika. Binti akampa ufunguo. Hapo ndipo ilipofika ile sehemu isiyokuwemo katika kanuni, na Katibu akautazama mlango uliokuwa wazi.

Mama Pua aliufunga.

Akaweka mkono juu ya chaga za kitanda. Zilikuwa baridi na ngumu. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliyesimama mbele ya ndugu waliyegombana naye, hajui aanze na salamu au na lawama.

"Mungu," alisema hatimaye, na sauti ikatoka imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "Mimi na Wewe tuna maneno yetu, na hayajaisha. Tutayaongea. Leo sikuja kwa ajili yangu. Huyu hapa ana jicho kali, na nililinoa mimi. Anaogopa kwenda peke yake, ndiyo maana anakuwa mkavu. Kule hakuna anayemjua, basi mjue Wewe. Na siku akikununia, usimfukuze akapige pasi."

Akasikia binti anavuta kamasi. Na kwa mazoea tu, kwa ile tabia isiyokufa, Mama Pua akafungua jicho moja kuhakikisha kwamba mtoto amefumba. Akakuta jicho moja la Katibu, limejaa machozi, linamtazama yeye.

"Fumba," alisema Mama Pua.

"Anza wewe, mama."

Na Mama Pua, ambaye hakuwahi kumwamini mtu kwa neno tupu, akaanza yeye.